Bustani ya Mutindi Tuliyoing'oa

Mbumbuni,
Jumapili, 23 Agosti 1987

Ndugu yangu mpendwa Mbuvi,

Nakusalimu sana, wewe na mkeo na yule mtoto ambaye mpaka leo sijamwona. Je, kifua chake kimepona? Na kazi ya bandarini inakwendaje, au bado wanawapanga zamu za ajabu ajabu? Natumaini karatasi hii itawakuta wote mkiwa na afya na joto la Mombasa halijawamaliza. Sisi huku tuko. Nimeandika "tuko" kisha nikalitazama hilo neno kwa muda, kwa sababu sikupata jingine lililo la kweli.

Nianze na lile unalolingoja. Baba yu hai, tena amerudi nyumbani tangu Ijumaa ya tarehe kumi na nne. Mguu bado uko kwenye plasta na kutwa nzima anakaa barazani akigombana na kuku. Anakula vizuri. Kwa hiyo usihofu kwa ajili yake. Yatakayokushtua yako mbele, nami nakuomba uyasome kwa utaratibu nilioyaandika, usirukie mwisho. Mimi mwenyewe yalinijia hivyo, moja baada ya jingine, na kila nilipodhani nimefika chini kabisa nikakuta bado naanguka.

Mutindi umemwona mara mbili tu, siku ya harusi yake na Baba mwaka 1983, na ile Krismasi uliyokuja. Mengine yote unayoyajua juu yake umeyajua kwa barua zangu, na barua zangu, Mbuvi, hazikuwa za haki. Ngoja nikueleze upya, kama mtu ambaye hujamsikia.

Alitoka Kitui, unalijua hilo. Alikulia kando ya mji, jirani na nyumba za Waswahili, na mama mmoja mzee wa huko aitwaye Mwanamisi ndiye aliyemfundisha kupanda viungo na dawa za nyumbani. Siku alipoletwa hapa hakuja na vyombo vingi. Alikuja na mashina ya mchaichai yaliyofungwa ndani ya gunia lililoloweshwa maji, na mbegu amezifunga kwenye pindo za leso, kila pindo mbegu yake. Mimi nilicheka. Nilimwambia hapa si Kitui mjini, hapa hata mbaazi huomba maji.

Alipata ile sehemu nyuma ya jiko, kati ya bafu na ghala, ambapo Mama alikuwa akimwaga majivu. Akachimba vitanda vidogo vilivyo chini kuliko ardhi ili maji yasitoroke, akavizungushia mawe na kuvifunika nyasi kavu. Maji ya kuoga yalipita hapo. Maji ya kuoshea mboga yalimwagwa hapo. Mwezi wa nane mto ukikauka, alikuwa akienda kufukua mchanga, anangoja maji yajikusanye, anayachota kwa kata mpaka debe lijae, halafu anapanda nalo kilima chote kile. Debe moja la nyumba, debe moja la bustani. Kwa mwaka mmoja pale palikuwa na dania, mrehani, kitunguu saumu, mnanaa chini ya bafu mahali penye unyevu, tangawizi ndani ya karai lililotoboka, rosemari, pilipili, shubiri kando kando, na karela, yale matango machungu, imetambaa juu ya ua wa vijiti. Ukipita ukigusa majani, nguo zako zinanukia mpaka shuleni.

Muthokoi wa nyumba hii, mahindi yale yale ya kukoboa na maharage, ulibadilika. Baba alianza kuomba kuongezewa. Na mimi nilikula, Mbuvi, nililamba mpaka sahani, halafu nikasema chumvi imezidi.

Watu walikuja. Syombua wa ng'ambo ya barabara alikuja kwa kikohozi cha mtoto wake, akapewa mchaichai na tangawizi. Aliyeungua alipewa shubiri. Mwenye tumbo la kusokota, mnanaa. Mtu akija na homa kali au mtoto aliyelegea, Mutindi alimwambia aende kwa daktari siku hiyo hiyo, na mara moja alimbeba mtoto wa watu mgongoni mwenyewe mpaka zahanati. Hilo sikuwahi kukuandikia. Nilikuandikia kwamba amechimba kaburi la Mama apande dawa zake. Hakuchimba kaburi. Alipanda rosemari mstari mmoja pembeni ili mbuzi wasipite juu ya Mama. Nilijua hivyo wakati nikiandika.

Sasa, habari ya sukari ya Baba. Unakumbuka mwaka juzi alivyokonda, anakunywa maji kama ng'ombe, anaamka kila mara kwenda haja ndogo? Mutindi alianza kumchemshia karela, kikombe kimoja kila asubuhi kabla ya chai, chungu ya kukunja uso. Baada ya miezi michache Baba akarudisha mwili. Alimsifu Mutindi mbele ya wageni, akasema mke wake amemponya kwa majani. Na Jumapili moja alisimama kanisani, mzee mzima wa kanisa, akashuhudia kwamba Bwana amemponya bila kidonge hata kimoja. Watu wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga.

Katikati ya mwezi uliopita kanisa lilitangaza siku tatu za kufunga na kuomba. Baba alifunga kama wenzake, maji tu, Jumatano, Alhamisi na Ijumaa. Mutindi alimsihi asifunge zote kwa umri wake. Akakataa. Akamsihi basi aache karela mpaka atakapokula, na Baba akasema karela si chakula, ni dawa, alete kikombe.

Ijumaa hiyo nilitoka darasani moja kwa moja nikaenda kanisani. Baba alikuwa mbele akiongoza maombi. Nikaona shati lake limelowa jasho mgongo mzima, na siku hiyo kulikuwa na baridi ya mwezi wa saba unayoijua. Maneno yake yakaanza kuvurugika. Aliacha kuomba akacheka. Mbuvi, Baba yetu alicheka kanisani, cheko la mlevi, akaanza kufungua vifungo vya koti akimwita Mama kwa jina lake, "Kaluki, Kaluki, leta ng'ombe." Hakuna aliyejua kama ni Roho au ni nini. Halafu akapiga hatua kwenda nje, akakosa ngazi, akaanguka kwenye yale mawe ya mlangoni. Mundi ulivunjika, na mfupa ulitoboa ngozi. Alikuwa hajui. Alikuwa ameshazimia.

Baba mdogo Mutunga ndiye aliyeuliza, hata kabla hatujampata mtu mwenye gari: "Alikula nini huyu? Si amefunga? Alikunywa nini?" Mutindi alikuwa amepiga magoti anamfuta Baba uso kwa leso. Angeweza kunyamaza. Angeweza kusema sijui. Alisema, "Amekunywa maji ya karela, mimi ndiye nimempa." Nikaona watu wanatazamana. Tangu dakika hiyo hukumu ilikuwa imekatwa.

Tulimpeleka hospitali kwa pikapu ya mfanyabiashara mmoja wa sokoni, mimi na Baba mdogo na pasta. Mutindi alisukumwa asipande. Daktari tuliyemkuta ni kijana, anaitwa Abdulkadir, kwao Kitui. Alimtoboa Baba kidole, akatazama, akaita dripu kwa sauti iliyonitisha. Na hapo nikaona kitu ambacho sijawahi kuona. Mtu aliyekuwa kama maiti alifumbua macho kabla dripu haijafika nusu, akauliza kofia yake iko wapi. Daktari alisema sukari ya damu ilikuwa imeshuka karibu kumuua. Baba mdogo alisikia neno moja tu. Alisema, "Kwa hiyo ni sumu iliyoshusha." Daktari alisema hajasema sumu, alisema anataka kujua mgonjwa ametumia nini. Baba mdogo akamweleza habari za karela. Daktari akaandika.

Jumapili iliyofuata, tulipotoka kanisani, watu walikuja nyumbani. Sikuwahesabu, lakini walijaa uwanja. Wengine ni wale wale waliokuwa wakija kuomba mnanaa. Baba mdogo alisema hatuwezi kulala tena juu ya mitego ya huyu mwanamke na mizizi yake ya Kitui. Majembe yakatolewa kwenye ghala letu. Waling'oa kila kitu, Mbuvi. Tangawizi ilipigwa mateke pamoja na karai lake. Mchaichai ulikatwa, ukachimbwa, ukarundikwa kwenye moto, na kwa muda moshi ulinukia vizuri sana, watu wakawa wanakohoa na kunusa kwa pamoja. Rosemari ya pembeni mwa kaburi nayo ikaenda.

Mutindi alisimama mlangoni mwa jiko. Hakulia wala hakumtukana mtu. Alisema jambo moja tu, akalisema kwangu: "Kalondu, mchaichai muache shina moja. Mtoto wa Syombua bado anakohoa." Na Syombua alikuwa pale pale, ameshika kuni.

Yaliyofuata unayajua nusu. Baba mdogo alikuandikia, nawe ukajibu. Barua yako ilifika ikiwa na haraka ya ajabu, na Jumamosi ya tarehe mosi mwezi huu ukoo ukakaa sebuleni kwetu. Baba mdogo aliisoma mara mbili, ya pili akiwa amesimama. Najua uliandika kwa uchungu. Lakini lazima ujue iliposomwa ilifanya nini. Ulipoandika, "Kama huyo mwanamke bado analala katika nyumba ya Mama, basi mimi si mtoto wa boma hilo," wazee wote waliitikia kwa pamoja kama ni maombi. Mutindi aliomba kuiona. Baba mdogo alimwambia si barua ya kusomwa na yeye, tena labda hata kusoma hajui. Kabla ya saa sita alikuwa ametoka na kiondo kimoja na leso mbili, akaenda kwa kaka yake Kitui. Hata kumuaga Baba hakumuaga, maana Baba alikuwa hospitali na tuliamua asiambiwe.

Hapo ndipo tulipofikiri mambo yamekwisha.

Siku tatu baadaye, Jumanne, nilikwenda hospitali mchana. Kidonda cha Baba kilikuwa kinakataa kufunga. Daktari Abdulkadir alikuwa amepima tena na kukuta sukari imeanza kupanda, akamuuliza Baba kama amewahi kutibiwa ugonjwa huo, Baba akasema hapana, ni Mungu tu. Basi daktari akamwanzishia vidonge siku mbili kabla. Nilipoingia wodini nilikuta pazia limevutwa kuzunguka kitanda chake na wauguzi wawili ndani. Baba alikuwa ameanguka tena. Jasho lile lile, cheko lile lile, kisha kimya. Dripu ilikuwa mkononi.

Nilisimama pale nikihesabu siku. Kwa sababu Mutindi alikuwa Kitui, Mbuvi. Karela ilikuwa majivu. Hakukuwa na jani hata moja la ile bustani juu ya uso wa dunia, na Baba yetu alikuwa ameanguka vile vile.

Daktari alisema kipimo alichompa ni kidogo mno, hakiwezi kufanya hivi. Akaamuru kitanda kipekuliwe. Muuguzi mmoja, mama mnene mwenye mikono ya haraka, alivuta lile koti la kanisani la Baba kutoka chini ya mto, koti alilokataa lirudishwe nyumbani, akaingiza mkono mfuko wa ndani. Akatoa bahasha ndogo ya kaki. Akamimina vidonge vyeupe kwenye kiganja. Daktari aliichukua bahasha, akasoma yaliyoandikwa juu yake kwa kalamu ya wino mwekundu, ile ya kusahihishia: "Kimoja asubuhi, kimoja jioni." Akauliza, "Huu ni mwandiko wa nani?"

Mwandiko ulikuwa wangu.

Ndugu yangu, nimefika mahali ambapo nimeichana hii barua mara mbili na kuianza upya. Leo naandika mpaka mwisho.

Mwaka juzi Baba alipokwenda Machakos kwa ajili ya macho, walimpima wakamkuta na sukari, wakampa vidonge. Alinieleza mimi peke yangu. Aliniomba niwe ninamletea kila ninapokwenda mjini, na nisimwambie mtu. Nilimletea. Karibu miaka miwili nilivileta, nikavitia kwenye bahasha, nikaandika, yeye akavificha ndani ya mkebe wa kakao ghalani. Alikunywa vidonge vyangu na akanywa karela ya Mutindi, na akamshukuru Mungu kanisani, na kila mmoja wetu alijiona kuwa yeye ndiye aliyemponya. Mimi ndiye niliyekuwa najua vyote vitatu.

Ile Ijumaa ya kwanza, daktari alipokuwa akiandika, aliniuliza mimi. Hakumuuliza Baba mdogo. Alinigeukia akasema, "Mwalimu, mzee anatumia vidonge vyovyote vya sukari?" Pasta alikuwa upande wangu wa kulia na Baba mdogo wa kushoto. Nikasema hapana.

Nilijiambia ninalinda siri ya Baba, aibu ya ushuhuda wake. Hiyo ni kweli kidogo. Kweli yenyewe ni kwamba nilipoona watu wanamtazama Mutindi pale kanisani, kuna kitu ndani yangu kilitulia. Tangu Mama afariki mimi ndiye niliyekuwa na funguo za nyumba hii, nikazikabidhi kwa mwanamke anayenizidi miaka sita tu, na muthokoi wake mtamu. Nikaona Mungu amenifungulia mlango na sikutaka kuufunga. Nilikwenda ghalani siku ile ile ya Jumapili nikafungua mkebe wa kakao, nikaukuta mtupu, nikajiambia basi vimekwisha. Sikutaka kujiuliza vimekwenda wapi.

Na majembe yalipotolewa, wa kwanza kuchimba hakuwa Baba mdogo. Jembe la kwanza nililipiga mimi, kwenye shina la karela. Nikijua. Ndiyo sababu aliyesemeshwa juu ya mchaichai ni mimi, nilikuwa karibu naye kuliko wote.

Nilimwambia daktari yote, pale pale kando ya kitanda. Hakunipigia kelele. Alisema karela hushusha sukari, vidonge hushusha sukari, na kukaa bila chakula hushusha sukari, na mzee alikuwa navyo vyote vitatu siku moja. Halafu mara hii ya pili alikuwa anakunywa vya hospitali na vya bahasha kwa pamoja. Alisema kwa neno moja tu la ndiyo, siku ile ya kwanza, Baba asingeanguka tena. Kisha akasema, "Huyo mama alisema kweli alipoulizwa. Wewe ndiye uliyesoma." Akaondoka kwenda kwa mgonjwa mwingine. Muuguzi alinipa kiti. Nilikaa hapo mpaka Baba alipofumbua macho.

Baba nilimwambia kesho yake habari za Mutindi, kwamba tumemfukuza na kwa nini. Alilia, nami sijawahi kumwona akilia, hata tulipomzika Mama. Alisema alitaka tu kila mtu apate furaha yake. Mutindi afurahi na majani yake, kanisa lifurahi na ushuhuda, na mimi nifurahi kwamba naaminiwa siri. Nilitaka kumkasirikia nikashindwa. Tunafanana.

Shule zilipofungwa nilikwenda Kitui. Nilimkuta kwa kaka yake, amekaa juu ya kinu kilicholazwa, anachambua pojo. Sikukaribishwa kiti wala sikukitafuta. Nilimweleza nikiwa nimesimama, tangu Machakos mpaka bahasha. Nilipomaliza aliuliza:

"Ulijua?"

Nikasema nilijua.

"Ukiwa umeshika jembe?"

Nikasema ndiyo.

Akaendelea kuchambua pojo kwa muda mrefu sana, anatoa mawe, anayatupa. Kisha akauliza kama kidonda cha Baba kimekauka na kama wanamsafisha kwa maji ya chumvi. Nilimjibu. Akasema atarudi kwa mume wake, lakini si kwa maneno yaliyosemwa uani kwa watu, mahali pasipo na wa kusikia. Yeye alisemwa kanisani na akasemwa katika kikao. Basi yaondolewe huko huko yalikowekwa.

Jumapili iliyopita nilisimama kanisani, wazee wa ukoo wakiwapo, Mbuvi. Nilitumia maneno machache kuliko haya. Nilisema vidonge nilileta mimi, nilimdanganya daktari mimi, na mama huyu hana kosa hata la kijiko. Baba mdogo Mutunga alitoka nje kabla sijamaliza. Baba aliletwa kwa kiti, naye akajaribu kuinuka kusema lake, mguu ukamshinda, akalisema ameketi, kwamba ushuhuda wake ulikuwa na uongo ndani. Hakuna aliyeitikia amina. Pasta alikaa ameinamisha kichwa, halafu akaomba wimbo, na wimbo ukakosa mtu wa kuuanzisha. Watoto wa shule ya Jumapili wamepewa mwalimu mwingine. Syombua alinipita mlangoni kama anapita mti. Mtoto wake alilazwa wiki moja kwa kile kikohozi. Ametoka, anapumua vizuri, mshukuru Mungu.

Mutindi alirudi Alhamisi. Alipita kwanza nyuma ya jiko, akatazama ule uwanja mweusi wa majivu, akakaa hapo kwa muda na kiondo begani. Kisha akaingia kumsafisha Baba kidonda. Alasiri alianza kuchimba, si pale pa zamani, upande mwingine wa nyumba ambako mlango wa chumba chake unatazama. Nilichukua jembe nikamfuata. Alilitoa mkononi mwangu, bila ukali, akasema, "Hili acha." Anapika, anatupakulia wote, na sahani yangu inajaa sawa na nyingine. Lakini haniiti Kalondu tena. Ananiita Mwalimu.

Lililobaki ni lako. Nilimlazimisha Baba mdogo aitoe ile barua yako, nikampelekea Mutindi mwenyewe, maana alikuwa ameiomba mbele ya ukoo wote akanyimwa. Nilifikiri nitamsomea. Akaichukua, akakaa kizingitini, akaisoma yote, ukurasa wa kwanza na wa pili, midomo yake haikutikisika. Anajua kusoma, Mbuvi, wala hakuna aliyewahi kumuuliza. Alipomaliza aliikunja kufuata mikunjo yako, akaitia kwenye kiondo, akaniambia: "Kaka yako anaandika vizuri. Mwambie nimeisoma."

Hayo ndiyo maneno yake, nami nakuletea kama yalivyotoka kinywani. Utakachomwandikia sitakufundisha.

Baba anakusalimu, anasema usije mbio, uje kwa likizo yako ya kawaida. Mbusu mtoto kwa niaba yangu, na umwambie mkeo viatu alivyoniletea bado navivaa. Upepo ni mwingi, mbaazi zimekauka vizuri mwaka huu. Naishia hapa nikiwa na aibu, lakini kalamu imekuwa nyepesi kuliko nilipoanza.

Ni mimi dada yako aliyekukosea kwa kukuandikia uongo mwingi,

Kalondu